Fete ya basoda, bila bunduki

Juma lililopita niliwaahidi kwamba tutaongea juu ya kukausha mboga wakati huu wa kiangazi. Mboga zitangoja kidogo. Kisha mkutano, mama wawili waliniuliza namna tulivyofanya fete ya mtoto wangu siku ya posho iliyopita, ile ya gwaride ambayo kelele yake ilifika mpaka barabarani. Basi nieleze yote mara moja, na makosa yake pia.

Mtoto wangu wa kiume ametimiza miaka minane. Majuma matatu mbele ya siku yenyewe alinikuta kwenye mbabula nikisonga bukari, akasimama wima, mikono kwenye mapaja.

"Mama, huu mwaka nataka fete ya basoda."

"Basoda gani?"

"Ba kweli. Batoto bote bavae tenue, na bunduki."

Nikakataa hata bila kugeuka. Yeye akaenda kulia kwa kambo yake, kama kawaida.

Nilikuwa na sababu zangu. Mtoto wa Kasapa anajua sare mbele ya kujua herufi. Tunaishi karibu na gereza kuu, walinzi na polisi wanapita kila siku, na wenye kuwa hapa tangu zamani hawajasahau tarehe 7 Septemba 2011, wakati watu wenye silaha walivamia gereza na wafungwa karibu elfu moja wakatoka, Gédéon Kyungu Mutanga kati yao. Tulilala chini ya vitanda. Na asubuhi ya tarehe 14 Februari 2021, Lubumbashi iliposikia tena risasi kwa sababu ya wale walioshambulia kambi za Kibati na Kimbembe, huyu huyu anayetaka bunduki alikuwa mgongoni mwangu, hajatimiza hata miaka mitatu. Yeye hakumbuki kitu. Mimi nakumbuka.

Sababu nyingine ni fete ya mwaka jana. Wengi wenu mlikuwako. Tulitundika baluni kumi na tano kwenye kamba, zilipendeza kweli. Kati ya watoto walioalikwa kulikuwa na msichana wa miaka sita, wa familia iliyokimbia Goma kisha mji kuchukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na sasa wanakaa kwa ndugu yao nyuma yetu. Baluni moja ikapasuka kwa jua. Watoto wengine wakacheka. Yule akaingia chini ya meza, akajikunja, mikono juu ya kichwa, na hakutoka mpaka mama yake alipokuja kumbeba. Keki yake niliipeleka kwao jioni ndani ya sahani. Haikuliwa.

Sasa, fikiria mtoto huyo aalikwe kwenye fete ya bunduki.

Nilidhani kambo atanisaidia kukataa. Ndiye aliyeshuhudia mwezi wa Aprili 1997, wakati wanajeshi wa AFDL waliingia Lubumbashi na watu wakatoka kwenye avenyu kuwapigia makofi. Kati yao walikuwako bakadogo. Neno "kadogo" ni neno la mapenzi, ndivyo tunavyomwita mtoto mdogo wa nyumba, lakini toka mwaka ule likapata maana ingine. Kambo aliwapa maji. Anasema walikuwa wamevaa buti za mpira, miguu imejaa vidonda, na mmoja alimwomba kisu cha kumenya muhogo akamwita mama. "Bunduki ilikuwa inamupita urefu," anasema kila mara, na kila mara anaonyesha kwa mkono kimo cha yule mtoto, chini ya kifua chake.

Lakini kambo hakukataa. Aliniuliza tu: "Anapenda nini kwa basoda? Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikamwita. Akasema anapenda wakipanga mstari na miguu yote inapiga chini pamoja. Anapenda filimbi. Anapenda kwamba kila mtu ana kazi yake, na mkubwa akisema jambo, linafanyika. Anapenda alama za mabegani. Bunduki aliitaja ya mwisho, na nadhani aliitaja kwa kuwa rafiki zake wataiuliza.

Kumbe karibu yote anayopenda, tunaweza kumpa.

Tukakubaliana mambo mawili ambayo hayaongelewi tena. La kwanza, hakuna nguo za madoadoa ya jeshi, hata fulana, hata kofia, hata kama zinauzwa kwenye mitumba kwa bei ya chini. Raia kuvaa mavazi ya jeshi ni kosa hapa kwetu, na hakuna anayependa kueleza hivyo kwa polisi na mtoto mkononi. Zambia ni vilevile, kwa hiyo ninyi mnaovuka Kasumbalesa kila mwezi, angalieni mnavaa nini na mnanunua nini. Uganda walikaza zaidi: mwaka 2019 hata bereti nyekundu waliitangaza kuwa mali ya jeshi.

La pili, hakuna bunduki. Ya plastiki, ya mti, ya waya, hakuna. Hapa niliacha kumwongelesha sawa mtoto. Nikamwambia: mlinzi mwenye bunduki ya kweli yuko kwenye zamu, ni magharibi, umeme hauko, anaona mtu mfupi anamwelekezea kitu cheusi. Hatajua kama ni plastiki mpaka itakuwa imechelewa. Wamama, kama mna moja nyumbani, isitoke nje ya lupango. Mimi ningeichoma.

Akaniuliza, "Sasa mi nitakuwa soda lini?" Nikamjibu ukweli: mbele ya miaka 18, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kukuingiza kwenye jeshi, wala la serikali wala la porini. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kulinda watoto, inakataza, na anayemwingiza mtoto anaweza kufungwa miaka 10 mpaka 20. Akahesabu kwa vidole. Miaka kumi imebaki. Alionekana ameridhika, mimi sikuridhika sana, lakini miaka kumi ni mingi.

Kisha nikaenda kuona yule mama wa Goma. Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko mapishi yote yanayofuata. Usitume mtoto na karatasi ya mwaliko. Nenda wewe mwenyewe, ukae, unywe maji, umwambie mama ya mtoto fete itakuwa ya namna gani. Nilimwambia neno "basoda" na nikaona uso wake. Nikamweleza: gwaride, filimbi, michezo, hakuna bunduki, hakuna baluni, hakuna kitu cha kupasuka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, filimbi ataiweza. Ngoma aione kwanza, ajue inatoka wapi." Akasema pia atakuja naye na atakaa. Mama mwingine alisema wazi kwamba mtoto wake hatakuja, kwa sababu za nyumbani kwao, na mimi sikuuliza sababu. Nilimtumia mikate.

Tulialika watoto kumi na wawili. Zaidi ya hapo unahitaji mama wa tatu wa kusaidia, na mama wa tatu daima ana kazi siku hiyo. Saa tulizochagua ni mchana, kisha chakula, na kumaliza jua likiwa bado juu. Siku mbili mbele nilipita kwa majirani na kwa mkubwa wa avenyu kuwaambia kutakuwa na filimbi na ngoma kwetu, wasishtuke.

Mavazi hayakutugharimu kitu. Kila mtoto aje na fulana ya kijani au ya rangi ya udongo, yoyote aliyo nayo. Kofia tulikunja kwa karatasi ya mifuko ya simenti, ile ya katikati ambayo haina vumbi. Pangusa kwa kitambaa kikavu kwanza, simenti inawasha ngozi. Mfuko mmoja unatoa kofia nne kubwa. Alama za mabegani ni kartoni iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za biskuti, na tulizifunga kwa pini. Medali vilevile. Msitumie vifuniko vya makopo, vinakata. Mtu alinishauri nipake watoto makala na mafuta usoni wafanane na basoda wa porini. Nikamuuliza kama yeye ndiye atakayefua zile fulana kumi na mbili.

Kosa langu lilikuwa kwenye vyeo. Nilimpa mwenye fete cheo cha jenerali, na wengine nikawagawia kapiteni, sajini na kaporali. Dakika tano hazikupita, watatu wanalia na mmoja anataka kurudi kwao. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa avenyu yetu aliyekuwa soda enzi za Mobutu. Nilimwalika aje kukagua gwaride, akaja na koti la suti na viatu vilivyong'aa. Aliwasikiliza watoto, akasema kwa sauti ya kambi: "Vizuri. Nani anataka kuwa jenerali? Kwangu jenerali njo anakula wa mwisho." Majenerali wote walijiuzulu palepale. Kisha hapo vyeo tukaviweka ndani ya kopo, kila mchezo watoto wanachagua upya bila kuangalia, na hakuna aliyelia tena. Fanyeni hivyo tangu mwanzo.

Mtoto wangu alimuuliza mzee soda anafanya nini siku nzima. Mzee akafikiri. "Kufua. Kupika. Kubeba maji. Kutembea sana. Kulinda usiku na baridi. Kungoja mushahara." Wamama waliokuwa jikoni walicheka kwa ile ya mwisho.

Gwaride lenyewe lilichukua karibu nusu saa, na ndilo walilolipenda kuliko yote. Watoto wetu wanajua "gadavu" na "repo" kutoka shule, kwenye bendera ya asubuhi, na wameona defile za tarehe 30 Juni, kwa hiyo hakuna cha kufundisha sana. Ngoma ilikuwa ndoo mbili zilizogeuzwa. Kama mama wa Goma alivyosema, tulimwonyesha yule mtoto ndoo kwanza, akaigonga mwenyewe mara moja, mbili. Ikatosha.

Michezo ilikuwa minne na niliona minne ni mingi, mitatu inafaa. Wa kwanza ni kuvuka mto: unapanga matofali mawili mawili kutoka ukuta mpaka ukuta, kundi zima lazima livuke bila mguu kugusa chini, na wakubwa wanawashika wadogo mkono. Wa pili ni redio: makopo mawili ya maziwa yaliyotobolewa chini, uzi wa kushona unaovutwa sawasawa kati yao, mmoja anasema ujumbe na mwingine anasikiliza. Uzi ukilegea, sauti haipiti. Ujumbe wa kwanza ulikuwa "Mama amepika kuku." Ulifika upande wa pili "Mama amepiga Luku," na Luku ni mbwa wa jirani.

Wa tatu ndio ninaousifu. Unachukua kikwembe cha zamani chenye nguvu, watoto wanne wanakishika pembe nne, katikati unaweka beseni dogo lenye maji. Huyo ni mgonjwa. Wampeleke kwa muganga ng'ambo ya lupango, wakizunguka mwembe. Kundi linalofika na maji mengi ndilo linashinda. Mwanzoni wote walikimbia, na mgonjwa akafika amekauka. Mara ya pili walianza kuhesabu hatua pamoja, "moja, mbili, moja, mbili," na hapo nikaelewa mtoto wangu alikuwa anatafuta nini tangu siku ile kwenye mbabula.

Wa nne ulikuwa kupandisha bendera juu ya kichuguu. Malupango mengi huku Kasapa yana kipande cha kichuguu kilichobaki, na watoto wanakipanda kila siku ukiangalia au usipoangalia. Asubuhi ile mume wangu alikagua matundu yote kwa fimbo, juu ya nyoka, na akachimba ngazi ndogo kwa jembe. Vumbi la kiangazi lilitumaliza. Wakati wa mvua msijaribu, udongo ule unateleza sawa sabuni.

Sasa chakula. Kambo ndiye aliyeleta wazo, na linatoka hapa hapa kwetu. Wakubwa mnajua kwa nini siku hii tunaiita siku ya posho: ndiyo siku ambayo Union Minière iligawia wafanyakazi chakula cha juma. Kambo alikulia kambini, alipanga mstari na kapu la mama yake, akingoja unga na mafuta na maharagwe. Basi aliketi nyuma ya meza na kitambaa kichwani, kila mtoto akapewa kadi ya kartoni, wakapanga mstari, kambo akatoboa kadi kwa msumari na kumpa kila mmoja posho yake ndani ya karatasi. Watoto walioweza kupigana kwa biskuti walisimama kimya sawa kanisani. Hakuna aliyepewa mara mbili, hakuna aliyekosa, na mimi sikuwa na sahani hata moja ya kuosha.

Ndani ya posho mlikuwa na mikate mitatu ya kukaanga, karanga, kipande cha kikanda na ndizi moja. Kwa mikate: unga wa ngano kilo 1, sukari kikombe 1, chachu kijiko 1 kikubwa, chumvi kidogo, maji ya vuguvugu mpaka unga uvutike mkononi. Funika, uache uvimbe saa 1. Kwa baridi hii uache saa 2, na uweke karibu na mbabula. Ukichota midogo unapata 50 na zaidi. Kikanda tulikata vipande vyembamba, watoto wa Goma hawakukijua, wakadhani ni nyama. Kinywaji kilikuwa munkoyo, ule wa siku ileile wenye utamu, si ule uliolala ukaanza kukamata kichwa. Onja wewe kwanza.

Keki tulipika kwenye makala, kwa kuwa sitegemei umeme siku ya fete. Mayai 4 na sukari kikombe 1, piga mpaka vinakuwa vyeupe, ongeza mafuta nusu kikombe, maziwa nusu kikombe, unga vikombe 2 vilivyochanganywa na vijiko 2 vidogo vya hamira. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, upashe moto vizuri, ndipo uingize sufuria ndogo yenye keki. Funika na uweke makala juu ya kifuniko, mengi juu, machache chini. Kwetu ilichukua karibu saa 1. Usifunue mbele ya nusu saa, inashuka katikati. Yangu ilishuka katikati. Tuliweka medali pale penye shimo.

Tulipoimba na kukata keki, jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu, na wamama wakaanza kuja kuchukua watoto. Mzee alipiga saluti kwa mwenye fete, naye akaijibu kwa mkono usiokuwa wenyewe, wa kushoto. Kofia karibu zote zilikuwa zimeraruka.

Yule msichana wa Goma alicheza michezo miwili, redio na mgonjwa. Gwaride aliliangalia kutoka mapajani mwa mama yake. Karibu na mwisho alishuka, akaenda kwa mzee, akanyoosha mkono akitaka filimbi. Mzee akampa. Akaipiga mara moja, na watoto kumi na mmoja wakasimama "gadavu" palepale, pamoja na wale waliokuwa wanakula. Akawaangalia muda mrefu. Akaipiga tena, "repo." Alifanya hivyo mpaka mama yake akasema twende.

Filimbi ni ya kaka ya mume wangu, mwalimu wa michezo, na ameshaiuliza mara mbili. Nimemwambia atafute ingine.